Siku Akta Alipokufa Mapema

Vijana, ninyi mnaotazama filamu kila mmoja na simu yake, waya masikioni, mmoja anacheka na mwingine analia kwenye benchi lile lile, hebu wekeni simu chini kidogo. Hazitakimbia. Nataka kuwaeleza kazi ambayo wengi wenu hamkuiona na ambayo haitarudi: kazi ya kufasiri filamu kwa mdomo.

Niliianza Pweto, ng'ambo ya ziwa, nilipomaliza sekondari na kukosa pa kwenda. Niliiacha hapa Kashikishi, simu zilipoingia kila nyumba. Sijazeeka. Nina miaka arobaini na kitu na meno yangu yote. Kazi ndiyo iliyostaafu, mimi nikabaki nimesimama na mikro, kile kipaza sauti, mkononi. Sasa nalima muhogo, na miguu inaniwasha. Nikiona lori lolote linaelekea Kabuta au Chiengi, natamani kudandia na jenereta langu, ingawa jenereta lenyewe lilishakuwa makazi ya panya.

Ukumbi wetu ulikuwa wa matofali ya udongo na paa la bati, madirisha yamezibwa kwa turubai jeusi. Filamu tulizionyesha mchana. Wageni walishangaa sana. Lakini fikirini wenyewe: hapa wavuvi wanatoka jioni na taa zao kufuata chisense, wale samaki wadogo kama dagaa, wanarudi asubuhi, wanalala kidogo, na baada ya kula ndipo wanatafuta cha kufanya. Usiku ukumbini ungekuta wake zao tu na mbu. Kwa hiyo tulitengeneza usiku wetu wenyewe saa nane mchana, na yeyote aliyefungua mlango bila kuvuta pazia alitukanwa kwa lugha tatu.

Mimi nilikaa kwenye kiti kando ya televisheni. Filamu ilisema Kifaransa, au Kiingereza, au lugha nisiyoijua yenye maandishi chini, na mimi nilisema Kiswahili chetu, na kwa Wabemba wa ukumbini nikatupia maneno ya Kibemba. Nilikuwa mwanamume, mwanamke, farasi na helikopta. Ukitaka kujua helikopta inavyofanywa, unagonga kifua polepole huku mdomo unapuliza mikro kwa pembeni. Ukipuliza kwa mbele, utaharibu mikro na kumtemea mate mtu wa benchi la kwanza.

Aliyenifundisha ni Muzee Kabange wa Pweto, mtu mwembamba mwenye sauti ya watu wanne. Alinipa sheria chache na akanipiga kofi la kichwa kwa kila sheria, ili isitoke.

Ya kwanza ilihusu kimya. "Filamu ikinyamaza, weye hapana kunyamaza," alisema. "Mutu wa nyuma atafikiri mashine imekufa." Muzungu akisimama dirishani anatazama mvua, lazima useme kitu. Mimi nilizoea kusema: "Hapa anakumbuka muhogo wa mama yake." Nimewakumbusha wazungu wengi muhogo.

Sheria nyingine ilikuwa kumtambua akta mapema. Akta ndiye mtu mkuu wa filamu, yule ambaye risasi zinamkwepa, na mkubwa wa adui zake tulimwita shefu-bandi. Watu hawawezi kutulia bila kujua wamfuate nani. Muzee Kabange alisema akta utamjua kwa nywele: baada ya kupigana na watu kumi nywele zake zinabaki zimechanwa. Utamjua pia kwa sababu kamera haichoki na uso wake, na mara nyingi ndiye anayemsaidia mwenzake mwanzoni. Na jambo ambalo kila mtoto wa Pweto alilijua kabla ya sala ya Baba Yetu: akta hafi. Akipigwa risasi, ni bega. Akianguka mtoni, anaibukia mbele ya mji.

Na majina. Majina ya kizungu hayakushika masikioni mwa watu. Kwa hiyo mfasiri alimpa akta jina la mtu aliyekaa ukumbini siku ile. Ilikuwa heshima kubwa. Watu walikuja mapema wakiwa wamenyoa, wengine wananiletea samaki wa kukaushwa, wanasema, "Mufasiri, leo unikumbuke." Ukipewa jina la akta, unatembea ufukweni wiki nzima kana kwamba wewe ndiye uliyeruka kutoka kwenye ndege. Shefu-bandi alipewa jina la mtu wa mbali. Kule Kabuta niliwahi kumwita shefu-bandi Chilufya, bila kujua kwamba baba mkwe wa mwenye ukumbi anaitwa Chilufya na amekaa nyuma yangu. Nililifunga jenereta kwenye baiskeli ya wabeba samaki na kuisukuma mpaka Nchelenge, upepo ukinipiga usoni. Hakuna aliyenisindikiza.

Sheria ya mwisho ilikuwa ya spika. Tulikuwa na mbili, moja ndani na moja nje juu ya mti mrefu, ili wapita njia wasikie na kuingia. Muzee Kabange alinichorea alama ya wino kwenye kitufe cha sauti. "Mpaka hapa. Ukipita hapa, spika inapasuka, na weye utapasuliwa na mimi." Kwa miaka mingi sikuipita alama ile.

Spika ya nje ilikuwa na kazi ya pili. Ufuko wa Kashikishi ni mrefu na una kelele, mashua zinaingia, injini zinalia, watu wanabishana juu ya mizani. Mtu akipotelewa na wavu, alikuja kwangu. Mtoto akiokotwa sokoni, aliletwa kwangu. Kwaya ikihamisha mazoezi, mtu akifariki, waliniletea tangazo, nami nikasimamisha filamu na kutangaza. Tangazo la kifo lilikuwa na sauti yake: unashusha, unasema polepole, unarudia jina mara mbili. Watu walisimama na vikapu vyao kichwani mpaka nimalize. Spika ile haikuwahi kuwadanganya.

Sasa nifike kwa Ilunga.

Ilunga alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa hivi, mrefu, mwepesi wa kucheka. Alivuka ziwa na dada yake mkubwa, Mama Feza, wakati watu wetu wengi walipokimbia risasi za kule. Walipitia kambi ya Kenani na mahema yake, wakapewa shamba kwenye makazi ya wakimbizi, kisha Mama Feza akaona anajua samaki kuliko muhogo, wakarudi ufukweni. Alikausha chisense kwenye vichanja nyuma ya ukumbi wangu. Wazazi wao hawakuwa hai tena. Ilunga alipakua mizigo mashuani, na mchana alikaa benchi la kwanza, pale pa kutemewa mate. Filamu za vita alizijua zote. Wenzake walimwita Komando, naye hakukataa.

Siku hizo kulikuwa na mwenye mashua mmoja aliyeleta mafuta ya mawese na sabuni kutoka ng'ambo, na safari nyingine alirudi kule na vijana wetu. Alikuwa na maneno matamu. Kule, alisema, kuna wanaume wanaopigania ardhi ya baba zao. Unapewa buti, unapewa bunduki, unarudi na cheo, na hapa unabeba nini? Sabuni. Ilunga alimkubali. Mashua ingeondoka kesho yake asubuhi. Aliwaeleza ufuko mzima isipokuwa dada yake. Lakini wanawake wa vichanja hakuna wasilolijua.

Mama Feza alinikuta namimina petroli kwenye jenereta. Alikuwa mwanamke mpana, mikono imejaa magamba, na hakuwahi kuingia ukumbini hata siku moja. Alisema giza la mchana ni la wavivu.

"Mufasiri," akasema, "huyu mutoto anataka kuvuka. Weye unajua?"

"Nimesikia, Mama."

"Umesikia! Weye ndjo redio yake. Vita yote anajua imetoka mu kinywa yako. Mu filamu zako batu banapigwa masasi, banaamuka, banaomba maji ya kunywa."

"Ile ni filamu, Mama Feza."

"Bon. Mwambie vile. Weye mwenyewe, na ile kifaa yako."

"Atanisikia?"

"Miye hanisikie. Miye nasema maneno ya samaki tu." Akatazama juu, kwenye spika. "Weye banakusikiaka."

Hapo Ilunga mwenyewe akaja mbio, na dada yake akageuka kwenda vichanjani bila kumtazama. Kwetu kaka au dada mkubwa tunamwita yaya.

"Yaya Mufasiri! Leo ndjo ya mwisho. Utie vita ya kweli kweli, hapana ile ya kuruka-ruka. Na akta ni miye."

"Unakwenda kweli?"

"Mashua iko tayari. Nikirudi, utasimama unipe saluti."

"Na dada yako?"

Akacheka, akapiga teke chupa tupu. "Yaya atalia siku mbili, halafu atapika."

Nilikuwa na filamu moja mpya, iliyofika katika rundo la diski kutoka Mansa. Jalada lilikuwa limechanika, limebaki picha ya kofia ya chuma na kipande cha mlima. Kwa kawaida filamu mpya niliitazama kwanza peke yangu, nikajua nani ni nani. Muzee Kabange angenipiga makofi mawili kwa nilichofanya siku ile. Petroli ilikuwa haba na watu walishajaa ukumbini. Nikaitia hivyo hivyo.

Ilikuwa filamu ya vita vya zamani vya wazungu. Vijana wanne wanapelekwa kushika kilima kidogo chenye zizi la mbuzi la mawe. Nikatafuta akta kwa sheria zangu zote. Nikamwona kijana mmoja wa kucheka, nywele zimechanwa hata kwenye mvua, anamfungia mwenzake mkoba mgongoni, na kamera haimwachi. Sikusita. Nikavuta mikro:

"Muone huyu! Huyu ndiye akta. Na jina lake ni Ilunga, Komando wa Kashikishi!"

Ukumbi ulitingishika. Ilunga alisimama juu ya benchi, akapiga saluti pande zote.

"Kaa chini, Komando," mtu akapiga kelele, "vita inaanza bila weye!"

Vita ikaanza, lakini haikwenda kama tulivyozoea. Wanakishika kile kilima, wananyang'anywa, wanakishika tena. Zizi linapungua mawe kila mara. Mbuzi hawapo. Hakuna shefu-bandi, adui huwezi kumwona, unaona moshi tu. Vijana wana tope mpaka kwenye nyusi, wanagombania soksi kavu. Mmoja anauliza kilima hiki ni cha nini, na mkubwa wao anatazama ramani na hajibu. Mimi nilijaza kimya chote. Niliwakumbusha muhogo mpaka muhogo ukaniishia.

Nyuma kabisa, mahali pake pa kila siku, alikaa Papa Numbi, mshona nyavu. Alikuwa askari ujanani mwake, kule kwetu, na hakulizungumzia jambo hilo. Watu walimcheka kwa sababu kwenye filamu za vita alilala usingizi. Milio ya risasi inaanza, kichwa chake kinaanguka kifuani. Siku ile nilipogeuka nilimwona ameketi wima, macho wazi.

Katikati ya filamu, akta anachukua kopo kwenda kuchota maji kwenye kijito. Hakuna muziki. Ndege mmoja analia. Anainama, unasikika mlio mmoja tu wa mbali, naye anakaa chini kama mtu aliyechoka. Halafu analala.

"Ilunga amejikwaa," nikasema.

Hakuamka.

"Anapumzika kidogo. Ilunga ni mjanja, anawadanganya. Sasa ataamka. Ilunga! Simama!"

Wenzake wakaja. Mmoja akamfunika uso. Mwingine akakaa, akaanza kumvua buti, akazipima kwa mguu wake. Hapo sikuwa na pa kutorokea. Kimya kilikuwa kinakuja na sheria ilikuwa inanisukuma, nikafungua mdomo. Kwa neno lile nilikuwa na sauti moja tu, ile niliyoitumia miaka yote.

"Ilunga amekufa," nikasema, polepole. "Ndugu zangu, Ilunga amekufa."

Ukumbi ulilipuka. "Akta hafi!" "Mufasiri, umekosea akta!" "Rudisha nyuma!" Ilunga mwenyewe alikuwa amesimama amekasirika kweli, mikono hewani. "Hapana! Miye nakufa vipi mu kopo ya maji? Tafuta mungine!"

"Marehemu, inama," akasema mvuvi wa nyuma yake, "hatuone filamu."

"Marehemu, nani anarisi viatu?"

Tulicheka mpaka machozi. Hata mimi. Papa Numbi ndiye aliyeinua mkono. Alikuwa amegeuzia sikio ukutani.

"Zima," akasema. "Zima ile kintu. Batu banalia."

Nikazima sauti, tukasikia. Nje, upande wa vichanja, wanawake walikuwa wakiomboleza. Wengine tulidhani mashua imezama. Ilunga akatoka wa kwanza, nami nyuma yake.

Mlilia kwa sauti gani mlipofiwa, ninyi mliofiwa, mnajua. Sina haja ya kueleza. Mama Feza alikuwa amekaa mchangani, kitambaa kimetoka kichwani, na kichanja kimeanguka kando yake, chisense wametapakaa wakimeta juani. Kutoka pale alipofanyia kazi hukuweza kusikia filamu yote. Ulisikia vipande, upepo ukipenda. Kilichomfikia ni jina na tangazo. Na tangu asubuhi mwanamke yule alikuwa anangoja jambo moja tu baya, nalo likatoka juu ya mti kwa sauti aliyoiamini. Wanawake walishajifunga vitenge viunoni. Mmoja wao, Mbemba aliyeuza chumvi, alizunguka, mikono kichwani, akilia kwa Kibemba kwamba Ilunga amekufa: "Mayo, mayo! Ilunga afwa!"

Ilunga alisimama mlangoni, jua limempiga machoni. Hakuna aliyemtazama, waombolezaji wanatazama chini. Na akasikia.

"Nilimuvusha ziwa muzima," dada yake alikuwa akisema, anapiga mchanga kwa viganja. "Nilimukamata na mukono mu mashua, alikuwa anatapika, nikamuvusha muzima. Mama, nitakuambia nini? Nani atanilambia sufuria? Nani atalala na miguu inje ya mulango, batu bakijikwaa? Ilunga, mutu murefu bure, nani atakufukia, kaburi yako itaenea wapi?"

Nilimtazama kijana yule. Nadhani alitaka kusema "Yaya, niko hapa," lakini alibaki kusikiliza kifo chake chote, jinsi anavyokula, anavyokoroma, shati lake la bluu ambalo sasa nani alivae.

Muuza chumvi ndiye aliyeinua macho. Alipomwona, alipiga ukelele wa aina nyingine kabisa, akaruka kichanja kizima kwa mguu mmoja, na sijui mpaka leo alisimama wapi. Mwingine alimtupia Ilunga kikapu, kumfukuza aende alikotoka. Mama Feza akageuka. Alimtazama kuanzia miguuni. Akainuka, akavua ndara, akampiga nayo begani, mgongoni, kichwani, kisha akaitupa na kumkamata, magamba yote ya mikono yakabaki kwenye shati lile la bluu.

"Yaya, ni filamu," Ilunga akasema. "Ni filamu tu."

"Filamu gani inakufia mu spika?" Akanigeukia mimi. "Na weye! Nilikuambia umwambie. Sikusema umuue!"

"Mama, nilikosea akta," nikasema.

Watu walicheka, lakini kidogo. Yeye hakucheka. Alifunga kitambaa chake, akajipangusa uso kwa mgongo wa mkono, akamshika Ilunga mkono na kuelekea mlango wa ukumbi.

"Anzisha," akasema. "Nami nione vile nilifiwa."

Akakaa benchi la kwanza, ukumbi mzima ukanuka samaki. Spika ya nje nikaizima, filamu nikairudisha kwenye kopo la maji. Nikawasha. Na hapo likatokea jambo ambalo halijawahi kunitokea. Nilihitaji akta mwingine, na aliyebaki na mwili mzima alikuwa yule mwenye buti za marehemu, kijana mwenye masikio makubwa. Nikauliza kwa mikro: "Huyu tumwite nani?"

Nikamtazama mvuvi wa benchi la pili, ambaye miaka yote aliniomba jina.

"Hapana langu," akasema haraka.

"Hapana langu vilevile," akasema jirani yake. "Niko na batoto."

"Muache bila jina, Mufasiri. Hata yeye atazoea."

Basi akaendelea bila jina. Filamu haikuwa na vita tena vya kusifu. Kilima kinabaki, zizi limekwisha, unaona tope tu mahali pa mawe. Yule kijana anabaki peke yake. Mwishoni anarudishwa nyuma, kwenye kambi, na mkubwa mmoja safi anamsimamisha mbele ya vijana wapya waliofika siku ile, wamenyoa, vifungo vinang'aa. Anamwambia: waeleze. Waeleze vita ni nini.

Kijana anawatazama. Kamera inakaa usoni mwake. Hakuna maandishi chini. Anafungua mdomo, anaufunga.

Mkono wangu uliinua mikro wenyewe. Muhogo ulinijia. Nikaishusha. Kwa mara ya kwanza tangu Pweto niliiacha filamu inyamaze, na ukumbini tukasikia jenereta nje na maji ya ziwa. Mtu wa nyuma hakusema mashine imekufa.

Ilunga ndiye aliyeuliza, hakuniuliza mimi. Aligeuka mpaka nyuma. "Papa Numbi. Juu ya nini hasemi?"

Mshona nyavu alibaki anatazama picha. "Hataki kujua majina yabo," akasema.

"Ya nani?"

"Ya bale bapya. Akiongea nabo, batamwambia majina. Halafu itabidi ayakumbuke." Akajikohoza. "Miye iko moja tu ninakumbuka. Inanitosha."

Hakuna aliyemuuliza ni lipi. Picha ikawa nyeusi, yakaja majina ya waliotengeneza filamu, mengi, yanapanda polepole, na hakuna aliyesimama kutoka. Kwa kawaida hapo watu wanagombania mlango.

Ilunga alikuja kwenye kiti changu. Alinyoosha mkono, akataka mikro. Sheria yangu ilikuwa kutompa mtu mikro, kwa sababu kila mtu akishika anaimba. Nikampa.

"Nje pia?" akauliza.

Nikawasha spika ya nje.

Aliishika kwa mikono miwili. Alishusha sauti, akasema polepole, kama alivyonisikia nikifanya mara nyingi.

"Tangazo. Ilunga hakufa. Ilunga, ndugu ya Mama Feza wa chisense, eko muzima. Eko hapa ku filamu." Tukafikiri amemaliza. "Tangazo ingine. Ule mwenye mashua ya sabuni, kesho hapana kuningoja."

Nje injini moja ilikuwa inalia, ikazimwa. Dada yake hakuinuka kwenye benchi. Alikuwa anatazama mikono yake yenye magamba iliyokaa pajani.

"Rudilia," akasema. "Ile ya mwisho. Kule ku mashua habasikii muzuri."

Vijana, spika ile ninayo mpaka leo, na ukiiwasha inakwaruza kama kuku anayechimba. Watu wananiuliza kwa nini mtu aliyejua kazi aliipasua. Siku ile Ilunga aliinua tena mikro, akanitazama, nami nikazungusha kitufe, nikafika kwenye alama ya wino, nikaipita.